Betri ya pili kwenye boti ya mtumba ya kuvulia

Boti nyingi za faiba za futi 20 hadi 23 zinazouzwa mtumba huku pwani zinakuja na mashine ya HP 40 au 60 yenye stata, na betri moja chini ya kiti cha nyuma. Kwa mwenye boti wa kwanza hiyo ilitosha, maana betri ilikuwa na kazi ya kuwasha mashine tu. Mnunuzi wa pili anaongeza taa za njia, kitafuta samaki, redio ya VHF ya mawasiliano ya baharini, pampu ya ngama (ya kutoa maji yanayokusanyika chini ya boti), chaja ya simu, na siku hizi taa mbili tatu za LED za kuvutia dagaa. Vyote vinanyonya betri ile ile. Alfajiri nanga inang'olewa, ufunguo unazungushwa, stata inagonga tik moja halafu kimya. Mashine ya 40 bado unaweza kuivuta kwa kamba. Ya 60, kwenye boti inayoyumba na kusi imeshaanza kuvuma, wanaoiweza ni wachache, na muda wote huo mkondo unawachukua.

Ndiyo maana betri ya pili naihesabu pamoja na laifu jaketi: ni kifaa cha usalama. Lakini betri mbili zilizofungwa pamoja saa zote, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ni betri moja kubwa tu, nazo zitakwisha pamoja. Ikiwa moja ni kuukuu na nyingine mpya, ile kuukuu itainyonya mpya hata boti ikiwa imelala gatini. Kila nitakachoeleza hapa kina shabaha moja: betri ya mashine iguswe na stata peke yake, na ya pili ibebe vingine vyote.

Hesabu kwanza, duka baadaye

Piga hesabu ya usiku mmoja. Kila kifaa kimeandikwa ampea zake. Kama zimeandikwa wati, gawa kwa 12. Zidisha kwa saa. Tuseme usiku wa saa 10. Taa za njia za LED zinavuta ampea 0.8, kwa hiyo ampea-saa 8. Kitafuta samaki cha inchi 5 kinavuta karibu hizo hizo, 8 nyingine. Redio ikisikiliza tu chaneli 16, ile ya dharura na kuitana, inakula ampea 0.4, yaani 4 kwa usiku mzima. Ukibonyeza kuzungumza kwa wati 25 inapanda hadi ampea 5 au 6, lakini ni kwa sekunde chache. Taa ya ndani na simu, weka 4. Pampu ya galoni 500 kwa saa inavuta kama ampea 2, na boti isiyovuja haiitumii hata nusu saa, basi 1. Jumla 25. Sasa ongeza taa mbili za dagaa za wati 30 kila moja kwa saa 7: hizo peke yake ni 35. Umefika 60.

Betri ya risasi ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema, kwa sababu sahani za risasi zilizo ndani zinaota salfeti ngumu ambayo chaji haiwezi tena kuiyeyusha. Kwa hiyo zidisha mara mbili. Anayehitaji 25 anunue ya ampea-saa 50, na mimi ningesema 70 maana betri haibaki mpya. Anayehitaji 60 anunue 120, na ajue anapakia zaidi ya kilo 30 kwenye boti ndogo.

Wengi huishia kununua N70 ya gari kwa sababu ipo kila duka. N70 ya gari ni betri ya stata: ina sahani nyembamba nyingi, inatoa mamia ya ampea kwa sekunde chache kisha mashine inairudishia. Ukiimaliza polepole usiku kucha, misimu yake ni michache. Iache iwashe mashine, hapo ni mahali pake. Ya vifaa iwe ya sahani nene, zile zinazouzwa kama betri za sola. Kati ya hizo chagua AGM iliyozibwa, ambayo asidi yake imenyonywa na mkeka ndani, maana asidi haimwagiki boti ikilala upande na mtikisiko inauvumilia. Betri ya gel nayo ni nzuri nyumbani, ila haitaki kuchajiwa juu ya volti 14.1 hadi 14.4 kutegemea mtengenezaji, na regyuleta (kidhibiti cha volti) ya mashine nyingi za boti hupita hapo. Lithiamu ni habari nyingine kabisa. Usiifunge sambamba na ya risasi kwa rilei ya kawaida (swichi inayojiwasha na kujizima kwa umeme); inahitaji chaja yake ya kati inayopokea volti 12 na kuzitoa kwa kiasi maalumu.

Mashine yako inachaji kiasi gani?

Swali hili huulizwa mara chache, na ndilo linaloamua kama kazi itafaa. Betri ya pili haizalishi umeme. Mashine nyingi ndogo zenye stata zinachaji ampea 6 hadi 10, na hizo ni kwa mzunguko wa juu. Ukiwa unatambaa polepole na ndoana za kukokota, unaweza kupata ampea 2 au 3 tu. Chukua safari ya saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi: hata ukipata ampea 7 wastani, ni ampea-saa 21, na karibu sehemu moja ya tano inapotea ndani ya betri yenyewe. Aliyetumia 25 anarudishiwa sehemu kubwa, kama 17. Aliyetumia 60 hafiki hata theluthi, na kila usiku anaanza chini zaidi ya jana, mpaka betri iliyonunuliwa juzi inaitwa feki.

Wa namna hiyo anahitaji chaji nyingine. Ama chaja ya nchi kavu kila anaporudi, ama paneli ya sola ya wati 100 juu ya paa la boti na kontrola (kidhibiti cha chaji) ya ampea 10. Kwa jua la pwani paneli hiyo isiyopigwa na kivuli inarudisha kama ampea-saa 25 kwa siku. Kivuli cha mlingoti au kamba kikiangukia kona moja tu, kinachotoka hushuka sana, kwa hiyo ipange mahali peupe na uioshe chumvi kwa maji baridi.

Mashine za kuvuta kwa kamba ni tofauti. Nyingi zina koili ya taa inayotoa umeme wa AC, haina rektifaya (kifaa cha kugeuza AC kuwa umeme wa betri) wala regyuleta. Ukiunganisha nyaya zile moja kwa moja kwenye betri utaiharibu. Mwenye mashine ya hivyo hahitaji betri mbili. Betri moja ya sola na paneli vinamtosha, na mashine ataivuta kama kawaida.

Kagua kilichopo kabla ya kuongeza

Kwenye boti ya mtumba sehemu kubwa ya kazi iko hapa. Fungua vifuniko vyote ufuate kila waya kwa mkono mpaka mwisho wake. Utakuta viungo vilivyosokotwa na kufungwa tepu, waya wa nyumbani wa nyuzi moja nene, na nyaya zinazoanza kwenye betri na kuishia hewani. Zile zisizokwenda popote zitoe kabisa.

Kata waya mmoja wa zamani sentimita mbili kutoka kwenye kiungo, umenye na uutazame kwenye mwanga. Shaba nzuri inang'aa rangi ya machungwa. Kama nyuzi ni nyeusi au zina unga wa kijani, maji ya chumvi yameshapanda ndani ya ganda. Kata tena sentimita kumi zaidi. Ikiwa bado nyeusi, usihangaike nao, badilisha waya mzima. Shaba nyeusi haishiki vizuri, inapata moto, na inakula volti. Waya wa kuweka badala yake ni wa nyuzi nyembamba nyingi zilizopakwa bati, ule wa rangi ya fedha. Ni ghali kuliko wa gari na si kila mji unao, lakini kwenye maji ya chumvi sioni njia ya kuukwepa.

Pima na betri ya zamani. Ichaji ijae, iache ipumzike usiku mzima bila kitu, halafu weka mita. Volti 12.6 hadi 12.8 ni imejaa, 12.2 ni karibu nusu, chini ya 12 imekwisha. Kisha mtu apige stata wewe ukitazama mita: ikianguka chini ya 9.6, na nyaya zake ni safi, betri hiyo imechoka. Usiijengee mfumo mpya.

Mahali pa kuikalisha

Tezi ya boti hizi imeshaelemewa: mashine, tangi la mafuta, nahodha. Ukiongeza kilo 25 au 30 hapo hapo, maji yanasogea karibu na ukingo wa nyuma na boti inachelewa kunyanyuka. Betri ya mashine ibaki nyuma, karibu na stata, maana waya wake mnene unatakiwa uwe mfupi. Ya vifaa isogeze katikati, chini ya kiti au chini ya usukani.

Kila moja iwe ndani ya sanduku la plastiki lenye kifuniko, limefungwa kwa mkanda, na mkanda umeshikwa na bolti zilizopita kwenye ubao uliogandishwa kwa faiba. Skrubu fupi kwenye faiba tupu zitang'oka wimbi la kwanza kubwa. Kipimo kinachotumiwa na wajenzi wa boti ni hiki: ukiivuta betri kwa nguvu ya kama kilo 40 upande wowote, isisogee zaidi ya milimita 25. Inua sanduku juu ya sakafu ya ngama. Maji ya bahari yakifika kwenye betri yenye umeme yanatoa gesi ya klorini, na hiyo inaumiza mapafu. Betri inapochajiwa nayo inatoa haidrojeni, ambayo ni nyepesi na inapanda juu, kwa hiyo matundu ya hewa yawe juu ya sanduku. Tangi la petroli lisikae chumba kimoja na betri wala swichi zake.

Kufunga nyaya

Mpangilio ninaoupendekeza una swichi tatu za kawaida za kuzima na kuwasha, na rilei moja ya volti. Swichi ya kwanza iko kati ya betri ya mashine na mashine. Ya pili iko kati ya betri ya vifaa na paneli ya fyuzi. Ya tatu inaunganisha chanya ya betri hizi mbili na hukaa imezimwa siku zote. Inawashwa tu betri ya mashine ikikataa, ili ukopeshwe na ya pili. Rilei nayo inakaa kati ya chanya mbili: mashine ikianza kuchaji na volti zikafika kama 13.3 hadi 13.7, inaunganisha betri zote zichajiwe pamoja. Volti zikishuka karibu 12.8, inazitenganisha yenyewe. Nahodha hana cha kukumbuka.

Swichi ya duara yenye 1, 2 na zote ni rahisi kuipata na inafanya kazi, ila inategemea mtu. Ikiachwa kwenye zote usiku mmoja tu, asubuhi betri mbili zimekufa. Mbaya zaidi ni kuizungusha mpaka kuzima mashine ikiwa inanguruma: chaji inakosa pa kwenda, volti zinaruka, na diodi za rektifaya zinaungua papo hapo. Kama hiyo ndiyo uliyonayo, washa kwenye 1, ukiwa njiani mashine inachaji weka zote, ukitia nanga zungusha 2, na usiiguse sehemu ya kuzima mpaka mashine inyamaze.

Anza na hasi. Hasi za betri mbili zinaunganishwa pamoja kwa waya wa unene ule ule wa stata, milimita 25 za mraba kwa umbali mfupi, 35 ukizidi mita tatu hivi. Mafundi wengi huweka waya mwembamba hapa wakidhani chanya ndiyo inayobeba mzigo. Siku utakayowasha swichi ya dharura, umeme wote wa stata utapita kwenye hasi hiyo, nayo itayeyuka. Swichi ya dharura na nyaya zake za chanya ziwe za unene huo huo.

Rilei ipewe waya wa milimita 16 za mraba na fyuzi ya ampea 100 kila ncha. Fyuzi ni mbili kwa sababu waya huu una betri pande zote. Ukichubuka katikati na kugusa chuma, fyuzi moja itakata upande wake na upande wa pili utaendelea kuwaka. Fyuzi zote zikae karibu na betri, ndani ya sentimita 18. Waya wa stata peke yake ndio unaoachwa bila fyuzi, kwa hiyo uvishe mpira na uufunge usisuguane na ukingo wowote.

Kwa paneli ya vifaa usibahatishe unene. Chukua ampea 10 kwenda mita 4 na kurudi mita 4. Waya wa 2.5 unapoteza karibu volti 0.56 njiani; wa 6 unapoteza 0.23 tu. Hiyo tofauti ndiyo inayofanya taa za mbele zififie na kitafuta samaki kijizime betri ikiwa bado na nusu. Weka wa 6 na fyuzi ya ampea 30 kwenye betri, kisha kila kifaa kiwe na fyuzi yake ndogo kwenye paneli kama kitabu chake kinavyosema.

Pampu ya ngama iende moja kwa moja kwenye betri ya vifaa bila kupita swichi, pamoja na swichi yake ya boya inayojiwasha maji yakipanda, ili ifanye kazi hata mwenye boti akiwa amelala nyumbani. Fyuzi yake iwe ile iliyoandikwa kwenye pampu, usiipandishe. Uzi wa mshipi ukijisokota kwenye propela yake pampu inakwama na kuvuta umeme mwingi. Fyuzi kubwa itauacha waya uungue. Viungo vya pampu viweke juu kabisa, maana waya wa chanya unaoloweka kwenye maji ya ngama unakula chuma chochote kilicho karibu, na mguu wa mashine ni aluminiamu.

Lagi (vichwa vya chuma vya mwisho wa waya) zibanwe kwa koleo lake la kubania, halafu zivishwe mpira wenye gundi unaosinyaa kwa moto. Kuchomelea risasi peke yake hakufai: waya unakuwa mgumu hapo, na mtikisiko unaukata pembeni tu ya risasi. Nati za mabawa zinazokuja na betri za boti zinalegea. Weka nati za kawaida zenye plastiki ndani, na uzikaze kwa spana. Unapounganisha, chanya kwanza na hasi mwisho. Unapofungua, hasi kwanza.

Kujaribu

Usiende baharini bila kupima haya. Washa mashine ukiwa gatini, ongeza mzunguko, soma volti za betri ya mashine, yaani ya kwanza: inatakiwa ipande juu ya 13.5 na isipite 14.8. Baada ya dakika moja au mbili rilei itagonga. Soma ya pili. Zikipishana zaidi ya volti 0.3, kuna kiungo kibovu au waya mwembamba kati yake, ingawa ya pili ikiwa imeshuka sana subiri kwanza inywe kidogo. Rilei ikigonga na kuachia, ikagonga na kuachia, mara nyingi tatizo ni hilo hilo la waya. Isipogonga kabisa, mzunguko uko chini mno au betri ya kwanza bado haijajaa.

Zima mashine. Washa taa na vifaa vyote uache nusu saa. Rilei itaachia. Sasa betri ya vifaa iendelee kushuka, na ya mashine ikae pale pale, 12.7 hivi. Ikiwa zinashuka pamoja, kuna waya uliosahauliwa, mara nyingi ule wa chaja ya simu au wa redio uliokuwa umefungwa zamani kwenye betri ya mashine. Utafute mpaka uupate. Ukiwa na sola, fanya jaribio hili usiku, kwa sababu mchana paneli inaweza kuifanya rilei iendelee kushika.

Pima na upotevu wa stata: ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye bolti ya stata, kisha mtu awashe. Zaidi ya volti 0.5 hapo, safisha viungo au nenesha waya. Fanya hivyo hivyo upande wa hasi.

Unga mweupe au wa bluu kwenye vichwa vya betri uoshe kwa maji ya magadi, usuuze, kausha, kaza, ndipo upake grisi juu. Grisi haipakwi kabla ya kukaza. Msimu wa kusi boti ikipandishwa nchi kavu, fungua hasi zote mbili na uzichaji betri kila mwezi, maana kwa joto letu zinajimaliza zenyewe. N70 ya kuongeza maji ijazwe baada ya kuchaji, isipokuwa sahani ziwe zimeachwa wazi, kwa sababu maji yanapanda betri ikijaa na ukitangulia kujaza yatamwagika na asidi yake. Na dukani soma kibandiko cha chupa: kinachoongezwa ni maji ya betri yaliyosafishwa. Asidi inauzwa kwenye chupa zinazofanana nayo, na hiyo haiongezwi.